China, Israel na Palestina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vita vya Gaza vilipoanza mwaka 2023, watu wengi walijikuta wakiuliza juu ya nchi ambayo zamani haikutajwa sana katika mgogoro huu. Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kwa kifupi, China iko upande wa nani?

Ukitazama kura na kauli, iko upande wa Wapalestina. Ukitazama fedha, bandari na teknolojia, iko karibu zaidi na Israel. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na Beijing haioni mgongano wowote hapo: kura Umoja wa Mataifa haiigharimu kitu, biashara inailetea faida, na hadi sasa hakuna upande uliomlazimisha Mchina kuchagua.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa sera hii asianzie Gaza wala Jerusalem. Aanzie Washington na Taiwan, kisiwa ambacho Beijing inakidai kuwa chake. Tangu miaka ya 1950, msimamo wa China juu ya Wapalestina na Waisraeli umekuwa ukipanda na kushuka kulingana na uhusiano wake na Marekani, na kulingana na haja yake ya kura za nchi za Kiarabu, za Kiislamu na za Kiafrika.

China inataka mgogoro uishe vipi?

Kwa mataifa mawili: dola huru ya Palestina kwa mipaka ya mwaka 1967, mji mkuu wake ukiwa Jerusalem Mashariki, ikiishi pembeni ya Israel. Xi Jinping alitoa mapendekezo ya vipengele vinne Mei 2013, juma ambalo Rais wa Palestina, Mahmoud Abbas, na Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, wote walifika China kwa nyakati tofauti. Akatoa mengine manne mwaka 2017, na matatu Juni 2023. Ukiyaweka pamoja utaona yanafanana mno: mipaka ya 1967, mazungumzo, misaada, na mkutano mkubwa wa kimataifa wa amani. Kisichoonekana ndani yake ni namna ya kumbana atakayekataa.

China iliitambua Palestina lini?

Tarehe 20 Novemba 1988, siku tano tu baada ya kiongozi wa Wapalestina, Yasser Arafat, kutangaza dola ya Palestina mjini Algiers. Ubalozi wa Palestina upo Beijing tangu mwisho wa mwaka huo. China nayo ilifungua ofisi Gaza mwaka 1995, baadaye ikahamia Ramallah. Juni 2023, Abbas alipokuwa Beijing, pande hizo mbili zilitangaza "ushirikiano wa kimkakati".

Na Israel?

Uhusiano wa kibalozi ulianza tarehe 24 Januari 1992. Israel yenyewe ilikuwa imeitambua Jamhuri ya Watu wa China tangu tarehe 9 Januari 1950, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Mashariki ya Kati. Salamu hiyo ilisubiri jibu kwa miaka 42.

## Historia

Kwa nini China iliiacha Israel ingoje miaka yote hiyo?

Mwanzoni si China peke yake iliyosita. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, Israel iliegemea Marekani, na wazo la kubadilishana mabalozi likapoa. Mnamo 1954 na 1955 Wachina walionyesha nia kupitia balozi wa Israel aliyekuwa Rangoon, Burma, David Hacohen, na ujumbe wa biashara wa Israel ukafika China mapema mwaka 1955. Serikali ya Israel ikajivuta kwa kuihofia Washington.

Kisha ukaja mkutano wa nchi za Asia na Afrika mjini Bandung, Indonesia, Aprili 1955. Israel haikualikwa. Waziri Mkuu Zhou Enlai alikwenda pale akitafuta marafiki, akawapata Waarabu, wakiongozwa na Gamal Abdel Nasser wa Misri. Mwaka uliofuata Misri ikaitambua Beijing, na baada yake nyingine za Kiarabu. Upande mmoja dola moja ndogo iliyoegemea Marekani, upande wa pili kundi zima la nchi zenye kura na mafuta: hesabu hiyo haikuwa ngumu.

Mlango ulianza kufunguka baada ya kifo cha Mao Zedong, kwanza kwa siri kupitia silaha (tazama sehemu ya biashara). Mkutano wa amani wa Madrid wa Oktoba 1991 ndio ulioondoa kikwazo cha mwisho. Waarabu wenyewe walipokaa meza moja na Waisraeli, China haikuwa tena na sababu ya kubaki nje. Zaidi ya hapo, ilitaka kushirikishwa katika mazungumzo yaliyofuata, jambo lisilowezekana bila uhusiano na pande zote mbili.

Ni kweli China iliwapa Wapalestina silaha?

Ndiyo. Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, kilianzishwa 1964, na Machi 1965 kiongozi wake wa kwanza, Ahmad Shukeiri, alipokewa Beijing kwa heshima za kiserikali. China ikawa nchi ya kwanza isiyo ya Kiarabu kukipa chama hicho ofisi yenye hadhi ya kibalozi. Silaha na mafunzo ya vita vya msituni vilifuata, kwa PLO na kwa makundi mengine. Mao aliwaambia wageni wake kwamba Israel kwa Waarabu ni sawa na Taiwan kwa Wachina, yaani vituo vya ubeberu mlangoni mwa Asia.

Kuanzia miaka ya 1970 msaada huo ulipungua, China ilipoanza kupatana na Marekani.

China ilipigaje kura mwaka 1947 Palestina ilipogawanywa?

Haikuunga mkono wala kupinga, ilijizuia. Hapa watu wengi hujikwaa: iliyopiga kura hiyo ni Jamhuri ya China ya Chiang Kai-shek, iliyohamia Taiwan mwaka 1949. Beijing ilipata kiti Umoja wa Mataifa tarehe 25 Oktoba 1971, kwa azimio namba 2758.

Hata baada ya kuingia ilikuwa mgeni asiyetaka kukaa. Wakati wa vita vya Oktoba 1973 haikushiriki kabisa kupiga kura juu ya azimio 338 lililositisha mapigano, ikisema wakubwa wawili, Marekani na Umoja wa Kisovieti, wanagawana Mashariki ya Kati. Mwaka 1975 iliunga mkono azimio lililoufananisha Uzayuni, yaani itikadi ya kuwa na taifa la Wayahudi, na ubaguzi wa rangi. Azimio hilo lilipofutwa Desemba 1991, wiki chache kabla ya kubadilishana mabalozi na Israel, China haikuwapo ukumbini. Mwanadiplomasia wa Kichina hujua pia thamani ya kiti kitupu.

Wachina wana historia yoyote na Wayahudi wenyewe?

Wanayo, na wanapenda kuikumbusha. Kulikuwa na jumuiya ndogo ya Wayahudi katika mji wa Kaifeng tangu zamani za kale. Wakati wa Hitler, Wayahudi wapatao 20,000 walikimbilia Shanghai, mji ambao kwa muda mrefu haukudai viza mlangoni, na wengi wakaishi mtaa wa Hongkou, ambako leo kuna makumbusho yao. Konsuli wa China mjini Vienna, Ho Feng-Shan, aliwagongea viza maelfu. Israel ilimtunuku baada ya kifo chake. Ni historia ya kweli. Ila inapotajwa kwenye dhifa za kidiplomasia, jua kwamba kuna mkataba unaokaribia kutiwa saini.

## Biashara, silaha na bandari

Israel iliwahi kuiuzia China silaha?

Iliuza, tena kabla ya kuwa na ubalozi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, mfanyabiashara Shaul Eisenberg, ambaye aliwahi kuishi Shanghai akiwa mkimbizi, alisaidia kuunganisha viwanda vya silaha vya Israel na jeshi la China. China ilikuwa imeshikwa na silaha za Kisovieti zilizochakaa na haikuwa na wa kuzikarabati. Israel ilikuwa imeteka nyingi za aina hiyohiyo kwa Waarabu na ilijua kuziboresha.

Mambo mawili yalivunja biashara hiyo. La kwanza ni ndege za uchunguzi za Phalcon, yaani mitambo ya rada ya Israel iliyofungwa kwenye ndege za Kirusi. Rais Jiang Zemin alizuru Israel Aprili 2000, rais wa kwanza wa China kufanya hivyo; Julai mwaka huohuo Waziri Mkuu Ehud Barak akaufuta mkataba kwa shinikizo la Marekani, iliyohofia ndege hizo zingetumika dhidi ya Taiwan. Israel ikalazimika kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 300. La pili ni droni za Harpy, ambazo Israel ilikuwa imeziuza zamani. Wachina walipozirudisha kufanyiwa matengenezo mwaka 2004, Marekani ilikuja juu. Tangu mwaka uliofuata Israel haiuzi silaha China.

Linaloshangaza ni kwamba aibu ya Phalcon haikuvunja uhusiano. Wachina walinuna, wakalipwa, kisha wakarudi kununua teknolojia ya umwagiliaji.

Biashara ya kawaida ni kubwa kiasi gani?

Ilikuwa kama dola milioni 50 mwaka 1992. Miaka 30 baadaye ikapita dola bilioni 20 kwa mwaka. Kampuni za Kichina zimenunua hisa kubwa za kampuni ya dawa za kilimo ya Adama na ya maziwa ya Tnuva, na zimechimba mahandaki ya treni ya mjini Tel Aviv. Magari ya umeme ya Kichina yamejaa barabara za Israel. Biashara na Wapalestina ni ndogo mno ukilinganisha, na mizigo yao mingi hupita bandari za Israel.

Bandari ya Haifa ni ya Wachina?

Si yote. Kampuni ya bandari ya Shanghai, SIPG, ilishinda mwaka 2015 zabuni ya kuendesha kituo kipya cha makontena kwa miaka 25, na kituo hicho kilifunguliwa Septemba 2021. Bandari ya zamani iliyo jirani ilinunuliwa na kampuni ya Adani ya India.

Kituo hicho kilizua kelele kubwa kwa sababu meli za kivita za Marekani hutia nanga Haifa. Marekani ilibana, na mwaka 2019 Israel ikaunda kamati ya kukagua uwekezaji wa kigeni. Kamati yenyewe haina meno makali, lakini tangu hapo kampuni za Kichina zimekuwa zikikosa zabuni nyeti.

Mafundi wa Kichina wanajenga nyumba za walowezi Ukingo wa Magharibi?

Makubaliano ya mwaka 2017 kuhusu mafundi ujenzi yalitaka wasipelekwe huko. China huyaita makazi hayo haramu, na Desemba 2016 iliunga mkono azimio 2334 la Baraza la Usalama linalosema hivyo. Hata hivyo kampuni kama Adama na Tnuva zina biashara isiyotenganisha sana mipaka, na Beijing hailisemei jambo hilo.

## Tangu Oktoba 2023

Kwa nini China haikuilaani Hamas?

Taarifa ya kwanza ya Wizara ya Mambo ya Nje baada ya shambulio la Hamas, kundi la Kipalestina lililotawala Gaza, dhidi ya Israel tarehe 7 Oktoba 2023 ilizitaka "pande husika" zitulie na kuwalinda raia, bila kuitaja Hamas. Ubalozi wa Israel mjini Beijing ulieleza wazi kuvunjika moyo. Ndani ya wiki moja Waziri wa Mambo ya Nje, Wang Yi, akasema vitendo vya Israel vimevuka mpaka wa kujilinda. Baadaye alimwambia mwenzake wa Israel kwamba kila nchi ina haki ya kujilinda ila ifuate sheria ya kimataifa ya kibinadamu.

Sababu ni za zamani. China haiitambui Hamas kama kundi la kigaidi. Hamas iliposhinda uchaguzi wa Wapalestina mwaka 2006, Beijing ilisema inaheshimu uamuzi wa wapiga kura, na waziri wa mambo ya nje wa Hamas, Mahmoud al-Zahar, akapokewa huko. Machi 2024 mwanadiplomasia wa Kichina alikutana na aliyekuwa kiongozi wa Hamas, Ismail Haniyeh, nchini Qatar.

Lakini kuna jingine, na ndilo ninaloliona zito zaidi: lawama kwa Hamas zingeinufaisha Marekani, na Gaza ilikuwa inaipa China nafasi ya kuiuliza Marekani mbele ya dunia kuhusu haki za binadamu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

China imepiga kura gani Baraza la Usalama?

Ilitumia kura ya turufu pamoja na Urusi dhidi ya rasimu mbili za Marekani: tarehe 25 Oktoba 2023, kwa kuwa haikudai kusitisha mapigano, na tarehe 22 Machi 2024, kwa kuwa lugha yake juu ya usitishaji ilikuwa ya kuzungukazunguka. Siku tatu baadaye iliunga mkono azimio 2728 lililodai kusitisha mapigano, na Juni 2024 azimio 2735 la Marekani yenyewe juu ya jambo hilohilo. Aprili 2024 iliunga mkono Palestina iwe mwanachama kamili, Marekani ikazuia.

Kura ya kutazamwa zaidi ni ya tarehe 17 Novemba 2025. Azimio 2803 lilibariki mpango wa Donald Trump wa Gaza pamoja na kikosi cha kimataifa. Balozi wa China huko, Fu Cong, alilikosoa kwamba Wapalestina hawaonekani vya kutosha ndani yake, kisha China ikajizuia. Mamlaka ya Palestina na nchi kubwa za Kiarabu zilikuwa zimelikubali, na China haipendi kuwa Mpalestina kuliko Wapalestina.

Azimio la Beijing la 2024 lilikuwa nini, na liliishia wapi?

Tarehe 23 Julai 2024 makundi 14 ya Wapalestina, Fatah (chama cha Abbas) na Hamas yakiwemo, yalitia saini Beijing mbele ya Wang Yi. Mahmoud al-Aloul aliiwakilisha Fatah, Mousa Abu Marzouk akaiwakilisha Hamas. Yalikubaliana kuumaliza mgawanyiko na kuunda serikali ya muda ya umoja wa kitaifa kwa ajili ya Gaza na Ukingo wa Magharibi.

China ilikuwa bado na furaha ya Machi 2023, Saudi Arabia na Iran zilipopatana mjini humohumo. Tofauti ni kwamba Wasaudi na Wairani walikuwa wamekwisha kuamua kupatana, wakahitaji mahali pa kupeana mikono. Fatah na Hamas hawakuwa wameamua. Maafikiano kama hayo yaliwahi kutiwa saini Makka na Cairo, na hili la Beijing limefuata njia ileile: serikali ya umoja haikuundwa.

Ni kweli China ilisema Wapalestina wana haki ya kupigana?

Ilisema, tena mahakamani. Tarehe 22 Februari 2024, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Ma Xinmin, alieleza kwamba kutumia nguvu kupinga utawala wa kigeni ni haki iliyomo katika sheria ya kimataifa, na kwamba mapambano ya namna hiyo hayafanani na ugaidi. Kwa wasikilizaji wa Afrika hoja hiyo si ngeni. Vyama vya ukombozi viliijenga zamani. Kwa China yenyewe ni hoja nyeti, na haitumii kipimo hicho nyumbani kwake (tazama swali la Xinjiang).

Kama inawaonea huruma, mbona haiiwekei Israel vikwazo?

Kwa sababu haipendi vikwazo visivyotoka Umoja wa Mataifa, ambavyo yenyewe imewekewa, na kwa sababu bado inatarajia biashara baada ya vita. Meli za COSCO, kampuni ya Kichina, ziliacha kwenda Israel mapema 2024, ila hilo lilihusu zaidi usalama wa Bahari ya Shamu.

Na misaada?

Ipo, lakini kwa miaka mingi imekuwa midogo kwa nchi ya ukubwa huo. Mei 2024 Xi aliahidi yuani milioni 500 za misaada ya kibinadamu na dola milioni 3 kwa shirika la wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA. Milioni 3!

## Maswali ya pembeni

Wapalestina wanasemaje kuhusu Waislamu wa Xinjiang?

Viongozi wao wanaiunga mkono China. Tamko la pamoja la Juni 2023 lilisema masuala ya Xinjiang si ya haki za binadamu bali ya kupambana na ugaidi na misimamo mikali. Israel kwa upande wake, Juni 2021, ilijiunga na nchi za Magharibi kuikosoa China juu ya Xinjiang kwenye Baraza la Haki za Binadamu. Wauyghur wa kawaida, yaani Waislamu hao wa Xinjiang, hawakuulizwa na upande wowote.

Taiwan inaingiaje?

Palestina na Israel zote mbili rasmi zinaitambua Beijing kuwa ndiyo serikali ya China. Lakini tangu Oktoba 2023 wabunge wa Israel na wanasiasa wa Taiwan wamekuwa wakitembeleana zaidi, na kila ziara huamsha malalamiko ya ubalozi wa China. Kwa Beijing hilo huuma kuliko karibu jambo jingine lolote ambalo Israel inaweza kulifanya.

Israel ikipigana na Iran, China hufanya nini?

Juni 2025 ililaani mashambulizi ya Israel, ikataka yakome, ikaishia hapo. Hununua sehemu kubwa sana ya mafuta ambayo Iran inauza nje, lakini haina mkataba wa kuilinda kijeshi.

Afrika Mashariki inahusika wapi?

Zaidi ya inavyodhaniwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa wadhamini wa azimio 2758, lililoipa Beijing kiti Umoja wa Mataifa, na balozi wake Salim Ahmed Salim alishangilia waziwazi lilipopita. Watu husahau kwamba Israel nayo ililipigia kura ya ndiyo siku hiyo, hivyo Tanzania, Israel na nchi kadhaa za Kiarabu zikajikuta upande mmoja.

Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa wataalamu wa Kiisraeli. Muda mfupi baadaye wakufunzi wa Kichina wakaanza kulifundisha jeshi la wananchi. Mwaka 1973 Tanzania na Kenya zilivunja uhusiano na Israel. Kenya iliurejesha 1988, Tanzania 1995, baada ya mkataba wa Oslo kati ya Israel na PLO. Na Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, meli nyingi za kutoka Ulaya zilizokuwa zikipita Suez zilizungushwa Rasi ya Tumaini Jema, huku Wahouthi wakisema za Kichina hazitaguswa. Ahadi hiyo haikushika sana: Machi 2024 meli ya mafuta yenye wamiliki wa Kichina, Huang Pu, ilipigwa kombora.